Bega la Kushoto la Dismas

Mwaka wa 1955 timu ya kandanda ya kiwanda cha ngozi pale Thika ilikuwa ya kuhurumiwa. Hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni ilikuwa imewazoa Kagwe, Mburu na nusu ya vijana waliotamba uwanjani, wakapelekwa kizuizini. Mzungu wa kiwanda akamwamuru nyapara Nzomo ajenge timu upya, naye Nzomo akamwita kipa wake Dismas Awiti, mkongwe pekee aliyebaki.

"Tuletee watu wa kwenu," alimwambia. "Wewe ndiwe nguzo ya timu sasa."

Nguzo akavimba kichwa. Akapanda gari la moshi hadi Kisumu, akarudi na shemeji yake Tobias, kaka mdogo wa mkewe Wilkister. Tobias akalala jikoni kwa Dismas, akala ugali wa Dismas, na kila jioni Dismas akamfundisha kupiga penalti mpaka giza likawafukuza.

Huo ujenzi wenyewe ulikuwa aibu tupu. Mzungu alilazimisha viatu watu waliozoea kucheza pekupeku, wakawa wanateleza kama ng'ombe kwenye matope. Walifungwa na waoka mikate, wakafungwa na makarani, na watazamaji wakaanza kuja kucheka tu. Katikati ya msimu Tobias akahamia timu ya shamba la kahawa kule Ruiru, hata kuaga hakuaga. Wilkister akasema kijana anatafuta maisha. Dismas alichomwa moyo, lakini akanyamaza, maana yeye mwenyewe alikuwa na lake la kuficha.

Bega lake la kushoto lilikuwa limekwisha. Mkono haukuinuka kupita sikio. Na wachezaji ndio waliopewa kazi nyepesi ya kulinda lango la kiwanda. Asiyecheza alirudi kwenye madimbwi ya chokaa kuvuta ngozi mbichi. Kwa bega lile asingemaliza mwezi huko, na asiye na kazi kiwandani hakuwa na chumba. Kwa hiyo kila usiku walifunga mlango, Wilkister akalikanda bega kwa maji moto na chumvi.

"Hili ni letu sisi wawili," Dismas alimwambia.

Mechi ya mwisho ilikuwa na Ruiru. Mzungu alikuwa amechoka kuaibishwa: wakishindwa, timu inavunjwa. Walicheza bila bao hadi karibu na mwisho, ndipo beki mmoja wa Thika, kwa viatu vyake vya ajabu, akamkwatua mtu mbele ya goli. Penalti. Aliyeutenga mpira ni Tobias.

Dismas alimjua. Kijana yule alipiga kwa nguvu na chini, hakuwa na penalti nyingine. Safari hii aliunyanyua taratibu, juu kidogo, upande wa kushoto wa kipa. Ulikuwa mpira wa kudakwa na mtoto. Dismas aliuona tangu unaondoka, akainua mkono, mkono ukagoma. Tobias alishangilia bila kumtazama usoni.

Nyumbani maji yalikuwa tayari motoni.

"Tobias alijua," alisema Dismas.

Wilkister alikoroga chumvi. "Aliniuliza kanisani kama unaumwa bega. Ni ndugu yangu. Ningemdanganya?"

"Na mimi ni nani wako?"

Wilkister aliipua maji.

"Yule alivaa jezi ya Ruiru, nilimwona waziwazi," Dismas alisema. "Wewe ulivaa ya nani?"

Jumatatu alianza kuvuta ngozi. Jioni Wilkister aliteka maji, akayachemsha kama siku zote, akamsogezea kigoda. Dismas alipita kando ya kigoda, akaketi kitandani na shati lake mwilini, linanuka chokaa.

"Bega linaendeleaje?" Wilkister aliuliza.

"Limepona," alisema.