Kidole Nilichosahau Kukiuma

Enzi zetu kule Ganze, mtoto hakunyoosha kidole kuelekea kaburi. Ukikosea, ulikiuma kidole hicho papo hapo, la sivyo kingeoza. Tuliamini kabisa, na vidole vyetu havikukosa alama za meno, maana kigango cha babu kilisimama kando ya njia ya malishoni: ubao wa kumkumbuka marehemu, wa mti mgumu, uliochongwa kichwa cha duara, umefungwa vitambaa vyekundu na vyeupe. Hawe, bibi yangu, alikimiminia tembo la mnazi kidogo kila mavuno, akimweleza babu nani kaoa na mbuzi gani kazaa. Sisi tulimsubiri amalize tugawiwe mahindi ya kuchoma. Kigango haking'olewi, alituambia. Hata ukoo ukihama, chenyewe hubaki.

Juzi, siku yangu ya mapumziko ya kazi ya hotelini, Mueni, binti wa Kitui ninayeishi naye chumba kimoja hapa Muraqqabat, ughaibuni, alinivuta twende makumbusho kutazama vitu vya makaburi ya Misri ya kale. Nikakuta jeneza la mbao lililochorwa uso wa mwanamke, macho wazi, na ubavuni mwake mikate na mitungi ya kumlisha huko aendako. Kumbe nao waliwalisha wafu wao! Watu walimzunguka wakimnyooshea vidole, simu juu. Hasira zilinipanda.

"Anti, sogea kidogo, unamziba," Mueni akaniambia, akiitabasamia simu yake.

"Huyu ni mama wa watu," nikasema. "Uma kidole."

Akacheka. Watoto wa siku hizi wataogopa nini, kama si chaji kuisha?

Kibao kilisema jeneza ni zawadi ya mkusanyaji. Mkusanyaji! Kwetu mtu wa namna hiyo aliitwa mwizi. Nilitaka kumwita msimamizi nimuulize huyo mkusanyaji alionyeshwa kaburi na nani. Nikaishia kukitazama kidole changu mwenyewe.

Nilikuwa na miaka tisa. Mgeni mwenye viatu vizuri alinikuta na mbuzi, akanipa biskuti, akauliza vigango viko wapi. Nikamnyooshea kidole. Mdomo ulikuwa umejaa biskuti, sikukiuma. Siku ya tatu asubuhi tulikuta shimo pale kigango cha babu kiliposimama. Hawe aliendelea kumimina mnazi kwenye shimo lile, mavuno baada ya mavuno, akiuliza ni nani aliyemwonyesha mwizi njia. Alikufa sijamjibu.

Zamani wafu wetu walipewa habari za nyumbani. Siku hizi wanasimama nyuma ya vioo, wakitazamwa na watu wasiojua hata majina yao, na babu yuko nyuma ya kioo kipi, sijui. Pale mbele ya yule mama nikatia kidole mdomoni, nikakiuma mpaka machozi yakanitoka. Mueni akashusha simu.

"Anti, lakini wewe hukumnyooshea kidole."

"Si huyu," nikamjibu.