Chuma cha Reli na Chuma cha Mikebe

Miaka ile ya sukari hata mbwa wa Matungu walinenepa. Watu walipanda miwa hadi ukutani mwa choo. Ukienda haja, majani yanakukwaruza masikio. Trela zilipita kutwa kuelekea kiwandani, na kila kijana aliyemaliza shule ya msingi na kukosa pa kwenda alitaka kazi moja: kupakia miwa. Mimi pia niliitaka.

Kupakia ni hivi. Unachuchumaa, wenzako wanakuwekea mzigo wa miwa mabegani, unasimama, unapanda ubao hadi juu ya trela. Huku ukipanda, lazima upige kelele, "Tokeni! Tokeni!" kwa sababu huoni kando, na mzigo ukikuponyoka utamkuta mtu chini.

Miguu sikuiogopa. Niliogopa kelele. Mimi nilikuwa na aibu ya kupindukia. Kanisani niliimba kwa midomo tu. Nikitumwa chumvi nilirudi na kiberiti, kwa kuwa mwenye duka hakunisikia, nami sikuweza kurudia.

Mnyapara wa wapakiaji alikuwa na mtihani wake, kila Jumamosi uani kwake. Alikuwa na bomba la maji lililochomekwa mikebe miwili ya rangi iliyojazwa saruji, mmoja kila ncha. Mkebe mmoja ulikuwa mzito kuliko mwenzake, na hakutaka kuurekebisha. "Miwa nayo hupimwanga?" alikuwa akisema. Unaweka bomba mabegani, unachuchumaa mara kumi, na kila ukisimama wapakiaji wanakuuliza swali la upuuzi. Ujibu kwa sauti ya kufika barabarani. Ukijibu chini chini, hiyo haihesabiwi.

Vijana wengine walifanya mazoezi pale pale kila jioni, wakichekwa. Mimi nikaona afadhali nife. Binamu yangu alikuwa akifagia klabu ya wafanyakazi wa kiwanda kule Mumias, na ndani mlikuwa na mashine ya kuchuchumaa. Msimamizi wa klabu akaniruhusu kuitumia asubuhi, mradi nisugue sakafu kwanza.

Mashine ile ilikuwa raha. Chuma kimeshikwa kati ya reli mbili. Kinapanda na kushuka tu, hakiendi mbele wala nyuma, hakikuulizi umekula nini. Ukichoka unakizungusha kidogo, kinajishika kwenye ndoano. Nikagundua kwamba nikitanguliza miguu mbele na kukiegemea kwa mgongo, kama mtu anayeegemea ukuta, nashuka bila taabu. Kwa mwezi mmoja nikawa naongeza sahani za chuma za uzito kila wiki. Suruali ikaanza kunibana mapajani.

"Ndugu, wewe ni trekta," binamu akaniambia, ameegemea ufagio. "Mikebe ya yule mzee utaitupa juu ya paa."

Nilimwamini. Na kuhusu sauti, nilijiambia kwamba mtu mwenye mapaja kama yale hawezi kuulizwa maswali mengi.

Jumamosi ikafika. Wapakiaji wanane walikaa juu ya gogo wakitafuna miwa. Wawili wakaniwekea bomba mabegani. Nikashangaa jinsi lilivyokuwa jepesi. Nikatabasamu, jambo ambalo sikulizoea mbele ya watu.

"Tazama, anacheka!" akasema mmoja, mrefu, aliyesimama nyuma yangu kuchungulia. "Wewe kijana, umetoka kuoa?"

Hilo halikuhesabiwa, maana sikuwa nimechuchumaa bado. Nikatanguliza miguu mbele. Nikaegemea chuma.

Chuma hakikuegemeka. Kilikuwa kinakwenda nami. Nilirudi nyuma kama mlango usio na bawaba, mkebe mzito ukivuta upande wake, na katika nafasi ile ndogo kabla ya matako kufika chini nilisikia mtu akinguruma, "TOKENI!" Kuku wa mnyapara wakaruka uzio. Yule mrefu akaruka pia. Mkebe ukajichimbia udongoni pale miguu yake ilipokuwa.

Aliyenguruma nilikuwa mimi.

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na miwa, ikabidi apigwe mgongoni. Nilikaa pale pale matopeni. Sikuona sababu ya kuinuka tena maishani.

"Sijaona mtu anachuchumaa akilala," akasema yule mrefu. "Mzee, huyu apelekwe nyumbani. Hata moja hajamaliza."

Mnyapara alikuwa akiuangalia mkebe. "Una vidole vingapi vya miguu?" akamwuliza.

"Kumi, mzee."

"Nani amekuachia vyote?"

Yule mrefu akatazama miguu yake. Mnyapara akanigeukia. "Kijana, ulijifunzia wapi upuuzi huu?"

"Kwa mashine," nikasema.

"Wapi?"

"KWA MASHINE!"

"Basi mashine ilikuwa inabeba, wewe ulikuwa unasindikiza. Ondoeni mikebe. Apewe bomba tupu."

Sisemi mashine ni mbaya. Mapaja yangu yalikuwa mazuri kweli. Shida ni kwamba hakuna aliyeyaambia kuwa kazi ya kutoanguka pia ni yao. Chini ya bomba tupu nilitetemeka kuliko chini ya sahani zote za klabu. Lilikwenda kushoto, nikalifuata hatua mbili kama mlevi. Likarudi, nikarudi nalo.

"Mama amepika nini?"

"OBUSUMA NA MRENDA!" Ugali na mboga yetu ya kuteleza, barabara nzima ikasikia.

"Na jana?"

"MRENDA!"

Nikamaliza kumi. Mnyapara akasema nianze Jumatatu, nibebe mizigo ya nusu hadi miguu iache ujinga, na nikianguka tena bila kupiga kelele nisirudi.

Jumatatu wakanifungia mzigo mdogo, wa kubebwa na bibi kizee, na mmoja akauliza kama nataka na mto wa kichwa. Nikachuchumaa, visigino chini ya mabega. Nikasimama. Ubao ulinesa, miwa ikanivuta kulia, nami nikapiga kelele njia nzima ingawa hapakuwa na mtu chini. Niliufikisha juu, nikautua, nikashuka kuchukua mwingine.