Mama Pacha Atafuta Uzamili wa Hisabati

Mama Pacha alikuwa mtu wa mapokezi katika kliniki ya meno, mwanamke wa maneno machache na subira fupi. Shahada yake ya hisabati aliipata mtandaoni, akisoma jikoni huku sufuria ikichemka na wanawe wawili wakigombania kiti kimoja. Mama mkwe aliwaambia wageni, "Mkwe wangu anasoma kwenye kompyuta," kwa sauti ambayo angetumia kusema anacheza karata.

Alipohitimu, akaomba nafasi ya uzamili katika chuo cha pale mjini. Hapo ndipo kizaazaa kilipoanza.

Karani wa udahili alikigeuzageuza cheti chake kama anayetafuta bei.

"Chuo hiki kiko wapi?"

"Mtandaoni."

"Hilo nimeliona, mama. Nauliza majengo."

"Sikusomea majengo. Nilisomea hisabati."

Karani hakucheka. Akataka barua ya mhadhiri anayemfahamu vizuri.

Mhadhiri wake wa aljebra alikuwa akiwasiliana na Mama Pacha kwa maandishi tu, maana kipaza sauti cha kompyuta ya mama huyo kilikuwa kimekufa siku nyingi. Alituma barua yenye sifa kemkem. Mama Pacha akaipeleka mbiombio. Karani akaisoma, akamtazama, akaisoma tena.

"Hapa pameandikwa 'bwana huyu ni hodari.' Sasa bwana mwenyewe yuko wapi?"

Mama Pacha akatoka nje kwenye ukumbi, akampigia simu mhadhiri.

"Daktari, mimi ni mwanamke!"

"Lo! Na muda wote nimekuwa nikikuita kaka!"

"Nilidhani unanitania."

Mhadhiri alicheka mpaka akakohoa. Mama Pacha akakata simu.

Barua ikarekebishwa, na idara ikamkubali kwa sharti moja: kwanza arudie somo la uchanganuzi wa hisabati, ambalo alishalifaulu mtandaoni, safari hii akiwa amekaa darasani, ili waone.

"Waone nini?" alifoka nyumbani. "Kama najua kukaa?"

Mumewe, fundi wa kuchomelea, akamtuliza. "Mke wangu, hili nalo limeze tu."

"Nimemeza mangapi, Baba Pacha? Limenikaba hapa!"

Akalimeza. Akabadilishana zamu na mwenzake wa mapokezi, ambaye tangu siku hiyo alimnunia, akaenda darasani na kukaa mstari wa mbele. Msimamizi aliingia, akapitisha karatasi ya mahudhurio, kisha akawasha projekta.

"Profesa amesafiri muhula huu," alitangaza. "Mtamfuata kwenye video. Lakini mahudhurio ni lazima."

Mama Pacha akaangua kicheko, kile cha mtu aliyechoshwa, hadi vijana wa nyuma wakanyanyuka kumtazama.

"Una swali, mama?"

"Video hiyo naweza kuitazama nyumbani?"

"Hapana. Ni hapa hapa darasani."

"Nilijua tu." Akachomoa kalamu kwenye mkoba. "Basi ongeza sauti, mwanangu. Huyo profesa wako hasikiki."

Muhula mzima alihudhuria amekunja uso. Somo akalifaulu kwa mara ya pili, na uzamili akauanza. Lakini moyo wake haujapoa. Mpaka leo, akipita mbele ya ofisi ya udahili, husonya kwanza, halafu ndipo anaendelea na safari yake.