Fundi wa Rangi Niliyemwita Mvivu

Juzi nilipigiwa simu kutoka Suneka nikaambiwa fundi wetu wa rangi amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba safu hii haina mazoea ya kulia lia, lakini leo mniwie radhi. Huyu mtu nilimpenda, na kuna jambo sikumalizana naye.

Kwetu huku, Kisii hadi Nyamira, nyumba haipakwi rangi kwa kuwa imechakaa. Hupakwa kwa kuwa wageni wanakuja. Posa, harusi, matanga, hapo ndipo brashi hutafutwa, tena kwa pupa. Nami sikuwa tofauti. Wakwe walikuwa waje nyumbani kwangu Mosocho Jumapili kuleta mahari ya binti yangu, na plasta ya ukuta wa mbele ilikuwa na siku chache tu, mvua ya alasiri ikiinyeshea kila siku. Fundi alikuja, akaweka kiganja ukutani, kisha akabandika kipande cha nailoni na kukiziba pande zote. Kesho yake asubuhi aliniita nione: nailoni ilikuwa imejaa matone kwa ndani.

“Mwalimu, hii ukuta bado iko na maji. Nikipaka saa hii itabambuka.”

“Wewe paka tu, fundi. Wageni wanakuja Jumapili.”

“Wageni wataenda, ukuta itabaki. Ngoja ikauke, hata mwezi moja. Mimi siwezi.”

Akabeba ngazi yake akaenda zake. Nilimtafuta mwingine, akapaka rangi ya krimu siku hiyo hiyo, na wakwe wakasifu. Ulimi hauna mfupa: baada ya ibada nilisimama nje ya kanisa nikawatangazia majirani kwamba yule wa Suneka ni mvivu na mjeuri. Jirani mmoja aliyekuwa amemwahidi kazi ya kupaka nyumba yake nzima akamnyima. Mwezi haukuisha kabla ya ile krimu yangu kuvimba kama chapati kwenye kikaango, kisha ikaanza kuanguka vipande vipande.

Nilimfuata Suneka nikamkuta akipaka duka. Nikamwomba msamaha kwa sauti ya chini, wapita njia wasisikie. Alishuka ngazi, akafuta mikono polepole.

“Mimi nimekusamehea, mwalimu. Lakini wale watu wa kanisa, umewaambia?”

Nikasema nitawaambia. Alikuja akakwangua ukuta wangu wote, akaupaka upya, na rangi ile ipo hadi leo. Hakuniuliza tena.

Siku hizi tunamsifu fundi anayemaliza upesi na kutuitikia kila tunachotaka. Anayetukatalia tunamwona adui, kumbe anaacha chakula chake cha leo ili ukuta wako usikuaibishe kesho. Watu wa namna hiyo si wengi, nami niliyempata mmoja nilimharibia jina.

Sikuwaambia watu wa kanisa. Nilingoja nafasi nzuri, miaka ikapita. Basi nawaambia leo: hakuwa mvivu, wala hakuwa mjeuri, nilisema uongo kwa sababu alinikatalia. Ukimchafua mtu mbele ya watu, msafishe mbele ya watu hao hao, na umsafishe angali hai. Haya niliyoandika alistahili kuyasoma mwenyewe.