Helikopta Ilikuja Kumchukua Mke Wangu, Ikakuta Maturubai

Nyie, helikopta ilizunguka mara tatu juu ya uwanja wa shule yetu, ikaondoka. Chini mke wangu anavuja damu.

Hasira ya siku ile sijaimaliza mpaka leo, kwa hiyo nikiropoka humu mnisamehe.

Kijiji chetu kipo mbele ya Majimoto, huku kwenye mpunga. Machi ile mvua ilibeba daraja. Asubuhi Dafrosa akajifungua zahanati, mtoto wa kike, mzima kabisa. Damu ndiyo ikagoma kukata.

Mganga wetu Telesphor alichoma sindano, akatundika dripu, akakandamiza tumbo. Wapi. Saa sita akanivuta pembeni.

"Shemeji, huyu anahitaji upasuaji na damu. Gari halipiti, bodaboda haipiti. Naomba helikopta."

"Helikopta? Si za wakubwa hizo?"

"Ni za mgonjwa ambaye akisubiri barabara anakufa. Tulia."

Akampigia daktari wa hospitali ya wilaya mbele yangu. Hakupamba maneno: mzazi, damu haikati, presha inashuka, daraja hakuna, uwanja wa shule upo wazi. Baada ya dakika ishirini jibu likaja. Inatua saa nane.

"Uwanja ni kazi yako, mimi simwachi mgonjwa," Telesphor akaniambia. "Watu wakae mbali, na pasiwe na kitu cha kupeperuka. Mwambie mwenyekiti."

Nikamtumia mwenyekiti wa kijiji, mzee Melkior, voisi ya WhatsApp. Halafu nikarudi kumshika Dafrosa mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Amedeus, nina kiu," akasema. Basi, hakusema tena.

Saa nane kasoro tukambeba na kitanda chake mpaka uwanjani.

Maturubai mawili. Viti vya kanisani. Meza ina kitambaa cheupe na maua ya plastiki. Kwaya imevaa sare, wanafunzi wamepanga mistari. Melkior kavaa koti kwenye jua lile, kashika karatasi ya risala.

Helikopta ikaanza kushuka, turubai moja likang'oka likaruka juu. Rubani akapandisha haraka, akabaki anazunguka. Na watu, badala ya kutawanyika, wanapiga vigelegele.

Nikamkaba Melkior koti. "Mke wangu anakufa, wewe unasoma risala?"



Helikopta ikaenda kutua kando ya josho la kuogeshea ng'ombe, kilomita mbili. Tulimbeba kwenye matope tukipokezana, saa nzima ikapotea.

Dafrosa alipona. Kizazi walikitoa. Daktari alisema tungewahi kidogo pengine kingebaki. Mke wangu ana miaka ishirini na mbili.

Miezi mitatu nilimwandama Melkior. Nilimwita muuaji sokoni, nikamwita muuaji kwenye magrupu. Kwenye mkutano wa kijiji nikasimama, nikataka ang'oke siku hiyo hiyo.

Hakubishana. Akatoa simu, akaisogeza kwenye kipaza sauti.

Ikatoka sauti yangu.

"Mwenyekiti, saa nane kuna mkubwa anashuka na helikopta hapo shuleni. Andaa uwanja fasta, usituaibishe."

Ndiyo, nilisema. Ilikuwa imenitoka kichwani, au niliitoa mwenyewe. Nilijua nikisema mke wangu anatoka damu nitaambiwa subiri, watu wapo mashambani. Mkubwa hasubirishwi. Nikajiona nimecheza akili. La vitu vya kupeperuka hata sikulitaja.

Dafrosa alikuwa amekaa mbele, mtoto mgongoni. Hakuniangalia. Tulipokuwa njiani kurudi ndipo akaniuliza.

"Kwa hiyo kusema ni mimi ninayeumwa, uliona haitoshi?"



Nyie mnaosoma, msijifanye wajanja kama mimi. Barabara ikikatika na mgonjwa anazidiwa, mganga aombe helikopta mapema, msisubiri azimie. Semeni ni nani, anaumwa nini, yuko wapi. Uwanja uachwe mtupu. Na jina la mgonjwa litajeni kwa kila mtu, hata kwa mwenyekiti.

Mimi nilitakiwa kusema Dafrosa tu.