Mchezaji Aliyekimbia Magoti

Tangu tumzike baba sijavuka daraja la Kilombero wala kupanda treni. Kwa mtu aliyezoea kuhama kila masika yakiisha, miezi mitano ni mingi. Nimekaa hapa Lipangalala, kwenye kiti chake cha mninga, na kila asubuhi binti wa mdogo wangu, aliye kidato cha pili, analeta maji ya kunawa, anapiga magoti yote mawili na kusema, "Mwangaluka, baba mkubwa." Hanyanyuki mpaka niitikie. Sisi ni Wasukuma, na mabinti zetu husalimia hivyo. Baba alituleta bonde hili nikiwa mdogo, tukitembea nyuma ya ng'ombe, na desturi tukaja nazo.

Zamani nilisalimiwa hivyo nikiwa mpita njia. Sasa ndimi mkubwa wa nyumba. Watu wanakuja na kesi za ng'ombe walioingia mpungani, wanakaa, wananitazama mdomo. Hata shangazi, aliyenichapa utotoni kwa kuiba maziwa, ananiita kaka, kama alivyomwita baba.

Magoti hayo yamenirudishia mzee mmoja Mzungu, wa Welisi.

Nilikuwa mpagazi Mang'ula, nikibeba mizigo ya wageni wanaopanda Udzungwa. Mwaka mmoja mvua ilikata barabara, mzee huyo akakwama nasi siku nne kwenye nyumba ya wageni. Alikuwa mwalimu mstaafu. Ujanani aliwahi kufundisha nchini, na Kiswahili hakikumtoka. Nyani na maporomoko ya Sanje aliyasahau, akawa anasimulia mchezo wao wa raga tu. Alichukua papai bichi jikoni liwe mpira, akatupanga barazani mimi, mlinzi na mama mpishi, akatufundisha kulirusha.

"Nyuma," alisema. "Kwa mikono unarusha nyuma tu."

"Na mnakwenda kufunga wapi?" mama mpishi akauliza.

"Mbele."

"Basi kwenu hamna haraka."

Akacheka, ndipo akatueleza habari za mchezaji wao mkuu, aliyevaa namba kumi. Mwembamba, mabega ya karani. Wenzake walitumia nguvu. Yeye alipita katikati ya majitu kama mtu anayepita sebuleni kwake, na waliomrukia walikumbatia hewa. Akiupiga mpira kwa mguu, ulidondoka pale ambapo mpinzani ndiyo kwanza ameondoka. Mzee alimwona mara moja tu, yeye mwenyewe akiwa kijana, amesimama mvuani na baba yake. Alipotuonyesha ule mwendo, papai kwapani, miguu yake mibovu ilisahau ubovu.

"Halafu akaacha," alisema. "Hajafika hata miaka thelathini. Yuko juu kabisa."

"Aliumia?" nikauliza.

"Hapana. Wanasema aliingia dukani, binti mmoja akampigia goti kama mfalme. Akaona basi."

Tukangoja sababu. Mama mpishi akamtazama mlinzi, mlinzi akanitazama mimi.

"Binti alikuwa na adabu," mama mpishi akasema. "Kosa lake nini?"

"Kwetu watu hawapigiani magoti, mama. Aliona hawezi tena hata kununua mkate kama mtu."

"Si angeitikia tu, yakaisha."

Safari hii mzee hakucheka. Alisema kila aliyevaa namba ile baadaye alipimwa kwa yule: huyu mzito, huyu mwoga. Vijana wazuri walizeeka wakiambiwa si yeye. "Alituachia mechi ambazo hakucheza," alisema, akalirudisha papai jikoni.

Mimi siku ile nilikuwa upande wa mchezaji. Mtu anayejua kuondoka, niliwaza, huyo ndiye mwanamume.

Kwa hiyo wiki iliyopita nilimwambia binti anisalimie amesimama.

"Nimekosa nini, baba mkubwa?"

"Hujakosa. Sipendi tu."

Kesho yake alisimama na jagi lake, mwili umepinda kama amebeba ndoo mkono mmoja. Nikaitikia. Kifua kilinifunguka hata nikaenda stesheni kuulizia treni ya Mbeya.

Niliporudi nilimsikia shangazi jikoni. "Ndicho ulichofundishwa huko bweni? Kumsimamia baba yako mkubwa kama mgambo? Likizo ikiisha utabaki hapa ujifunze kusalimia."

Binti aliendelea kusugua sufuria. Hakunitaja.

Nikaingia. "Shangazi, mimi ndiye niliyemwambia."

Aliniangalia mpaka viatuni, ambako kulikuwa na vumbi jekundu la stesheni. "Baba yako alikaa pale mpaka miguu ikavimba. Hatukumsikia akisema magoti yanamuuma. Unataka kuondoka, kaka, ondoka. Lakini kiti kikiwa wazi, nitakayosema mimi ndiyo yatakuwa. Na mimi nimeshasema."

Usiku mkoba wangu ulikuwa tayari, umefungwa. Asubuhi binti akaja na maji, akasimama mlangoni, akatazama jikoni, akanitazama mimi. Hakujua afuate amri ipi. Nilikuwa nimesimama na mimi, treni ikipiga honi upande wa stesheni. Nikawaza kwamba yule mzee hakutuambia kama mchezaji wake alimwitikia yule binti dukani, au alitoka tu na kumwacha na goti lake chini.

Nikakivuta kiti, nikakaa.

Akapiga magoti. "Mwangaluka, baba mkubwa."

"Mwangaluka. Jumatatu unarudi shule."

"Umemsikia baba yako mkubwa," shangazi akasema kutoka jikoni. "Haya, mpe maji anawe."

Nikanyoosha mikono.