Roswitha, mtembeza wageni aliyekaukiwa na mto

“Roswitha, gari huna, ngome ziko juu ya milima, na mto uko katikati. Hao wageni utawabeba mgongoni?”

Swali hilo aliulizwa na jirani yake, Bi Lioba, miaka kumi na tisa iliyopita, siku alipotundika mlangoni kibao cha kutembeza watu kwenye ngome. Lioba aliuliza huku akikung’uta zulia dirishani, na vumbi lote likamwangukia aliyeulizwa.

“Nikamjibu, hata wewe dada nitakubeba, ila upunguze keki kwanza,” anasema Roswitha Kuhlenbach. “Siku hizo nilikuwa na majibu.”

Siku hizi hana.

Saa tatu asubuhi, Jumamosi ya Oktoba, amesimama kwenye kituo cha treni cha Rabenlei na kofia yake ya sufu na fimbo ya kupandia mlima. Ukungu umelala juu ya Mto Rhine. Wageni kumi na mmoja wanashuka, wanafunga vizuri kamba za viatu, wanamzunguka. Anawasalimia mmoja mmoja, kisha anageuka na kuanza kuteremka kuelekea gatini. Hatua chache tu, anasimama.

“Samahani. Siyo huko.”

“Mama, tumepotea tayari?” anauliza bwana mmoja mwenye kipara.

“Bado,” anasema Roswitha.

Wageni wanacheka. Yeye hacheki. Miguu yake imezoea kwenda kuangalia kivuko kabla ya jambo lolote, na kivuko hakijavuka huu ni mwezi wa pili. Mto umekauka. Miamba ambayo watoto wa hapa walikuwa wakiisikia tu kwa wazee sasa imelala nje ya maji kama migongo ya ng’ombe. Matishari ya makaa yanapita yamebeba nusu mzigo. Kivuko chenyewe kimefungwa kamba ng’ambo ya pili, kwa sababu hakuna tena maji ya kukifikisha gatini. Nahodha wake ni Gisbert, kaka yake Roswitha, ambaye sasa anashinda akipaka rangi vyuma vya ukingo vilivyokwisha pakwa.

Kwa mtu mwenye gari hilo si jambo kubwa. Roswitha hana. Mtihani wa udereva alishindwa mara tatu, na mara ya tatu aligonga ukuta wa kanisa padri akiwa anatazama. Hakurudi tena, wala hakujuta.

“Mwenye gari anafika hadi chini ya ngome, anakunja shingo, anaona ukuta,” anasema akipanda, akivuta pumzi kila baada ya maneno machache. “Ngome huonekana ukiwa ng’ambo. Kwa hiyo lazima uvuke.”

Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote. Wageni walikuja kwa treni, wakapanda naye kwa miguu hadi ngome ya Rabenlei, wakashuka kula supu ya viazi, wakavuka kwa kivuko, wakapanda ngome ya pili, Habichtseck, kisha wakarudi mjini kwa treni ya upande ule. Kila mgeni hulipa yuro kumi na nane. Pensheni ya ujane inatosha pango na kuni. Vingine vyote, hata miwani, vinatoka miguuni mwake.

Alizaliwa kijijini Habichtseck, chini ya ngome hiyo. Akaolewa Rabenlei, kwa mkulima wa mizabibu aliyeitwa Winfried, Mungu amrehemu, ambaye kaburi lake liko hatua chache nyuma ya nyumba. Watu wa pande hizi mbili wanatazamana toka dirisha hadi dirisha, na kila upande unauita ule mwingine “upande mbaya”.

“Nimezaliwa upande mbaya nikaolewa upande mbaya,” anasema. “Inategemea nani anauliza.”

Kinachowatenganisha, mbali na maji, ni kengele.

Watu wa Rabenlei wanasema kwamba zamani, wakati wa vita, watu wa Habichtseck walikuja usiku na mashua wakaiba kengele ya kanisa lao. Ikawalemea katikati ya mto, ikazama. Watu wa Habichtseck wanasema hakuna wizi. Wanasema Rabenlei ndio waliowaomba wawafichie kengele askari wasije wakaiyeyusha, lakini njiani wakagombana nani akae mbele, mashua ikapinduka, na kwa aibu wakawaita wenzao wezi. Kengele iko matopeni hadi leo. Hakuna aliyeiona.

Roswitha alizisimulia hadithi zote mbili, kila moja kwenye ngome yake, bila kupunguza neno. Asubuhi upande mmoja, wageni walikasirikia wezi. Jioni upande wa pili, walikasirikia waongo. Na katikati ya mto Gisbert alizima injini, akavua kofia, akasema, “Kengele iko hapa chini. Mwenye haraka ya ukweli na aruke.” Hakuna siku watu hawakucheka. Waliondoka hawajui nani mkosaji, na hakuna aliyeudhika.

Kisha mto ukakauka.

Mwenyekiti wa chama cha utalii cha wilaya, Bwana Ruprecht Ahlbach, alimwita ofisini akampa kahawa. Si mtu mbaya. Ndiye anayemletea wageni. Roswitha anayakumbuka mazungumzo yao.

“Wageni wanachanganyikiwa, Bi Roswitha. Wape ngome moja, hadithi moja.”

“Na ile ya kule?”

“Kule watatafuta mtu wao.”

“Mtu wao ndiye mimi, Bwana Ahlbach.”

“Basi chagua. Mshika mawili, moja humponyoka. Mto ukiwa hivi na mwakani, nitapanga safari za upande mmoja tu. Niambie kabla ya Novemba mosi, Sikukuu ya Watakatifu Wote.”

Alitoka pale bila kujua amekubali au amekataa. Jumamosi iliyofuata aliwapandisha wageni Rabenlei peke yake, akawasimulia kengele kama inavyosimuliwa Rabenlei. Kwa mazoea alikuwa akisubiri kivuko kiimalizie.

Mama mmoja akaenda ukutani, akatazama ng’ambo, akanyoosha kidole. “Kumbe wale ni wezi toka zamani,” akasema. Wengine nao wakaja kutazama, wakanyoosha vidole.

Hakuna aliyecheka, kwa kuwa hapakuwa na la kuchekesha. Ilikuwa habari tu.

Jioni ile simu ililia. Mama yake Roswitha, Bi Adelgund, ana miaka themanini na minane, na dirisha la jiko lake linatazamana na ngome ya Rabenlei.

“Leo umewaambia nini watu wako? Nimewaona wanatunyooshea vidole.”

“Niliwaambia ile ya huku, mama.”

“Na ile ya kwetu?”

“Kivuko hakipo.”

“Na mdomo nao umekauka?”

Simu ikakatwa. Tangu siku hiyo Roswitha akipiga, anapokea Gisbert. Mama amelala. Mama anasali. Mama anachambua tufaha.

“Taa ya jiko naiona inawaka,” anasema Roswitha. “Namwona anapita.”

Amejaribu mengi. Alikwenda kwa padri kijana aliyehamia mwaka juzi, naye akamshauri aanze hadithi kwa neno “inasemekana”. Akalijaribu. “Wageni wakauliza, inasemekana na nani? Nikasema, na watu wa hapa. Wakasema, basi ni kweli, watu wa hapa ndio wanaojua.”

Alijaribu pia kuwasimulia zote mbili akiwa Rabenlei. Ile ya pili ilitoka kama mtu anayejitetea mahakamani. Mgeni mmoja alimwambia kwa upole kwamba amejichanganya, akampa maji ya kunywa.

Jumapili moja baada ya misa aliamua kwenda mwenyewe kwa mama yake. Bila kivuko, njia ni treni hadi Koblenz, kuvuka mto kule, kisha treni nyingine kushuka upande wa pili: nusu siku kumfikia mtu unayeweza kumpungia mkono. Alibeba keki ya plamu mapajani. Treni ilipoondoka Koblenz alitazama nje.

“Mto ulikuwa kushoto kwangu,” anasema. “Ulitakiwa uwe kulia. Nilikuwa nimepanda treni ya kunirudisha nyumbani. Mimi, niliyezaliwa hapa.”

Alishuka Rabenlei. Keki akampelekea Lioba.

“Nikamwuliza, we umekosea treni au treni imepajua kwako?” anasema Bi Lioba, akiwa mlangoni kwake na mikono kwenye aproni. “Hakunijibu. Mtu huyu nilimzoea ana majibu hata usipomwuliza. Nikasema basi, nakula keki.”

Mwenyewe Roswitha hasemi kwamba anazeeka, wala hasemi kwamba amekata tamaa. Anasali rozari yake asubuhi na anaiombea mvua, si ya hapa bali ya milimani Uswisi, mto unakotoka. Mipango anayo. Maji yakirudi kufikia Pasaka, anataka kuanzia safari kwa mama yake Habichtseck asubuhi na kumalizia Rabenlei jioni, kinyume cha zamani, ili wa kule wasikike kwanza.

“Bwana Ahlbach nitamwambia nini, sijui,” anasema. “Nikisema huku, nimemwita mama yangu mwizi. Nikisema kule, nimemwita marehemu mume wangu mwongo, na kaburi lake nalipita kila siku. Kila nikianza kulifikiri najikuta nimeshika kitu mkononi na nimesahau nilikuwa nakipeleka wapi.”

Juu ya ngome ukungu umeanza kupasuka. Wageni wanaingia uani, wanakaa kwenye mabenchi, wanafungua mikate na soseji zao. Roswitha anawahesabu kama kawaida. Anawahesabu tena. Wako kumi na wawili.

Wa kumi na wawili amekaa mwisho kabisa karibu na lango, na koti la bluu la kivuko, na tiketi mkononi kama mtu mwingine yeyote. Gisbert. Lazima aliondoka kwao gizani ili apite Koblenz na kufika hapa saa hii. Hamwiti dada yake. Anavua kofia tu, anaiweka gotini.

Roswitha anakohoa. Anaanza.

“Hapa palikuwa na kengele. Wakati wa vita, watu wa ng’ambo... inasemekana watu wa ng’ambo walikuja na mashua.”

“Kufanya nini?” anauliza mama mmoja.

“Kuichukua.”

“Kuichukua au kuiba?” Ni yule bwana mwenye kipara.

“Huku wanasema kuiba.”

“Na wewe mama unasemaje?”

Roswitha anatazama kule mwisho wa mabenchi. Fimbo anaihamisha toka mkono huu kwenda huu. “Mimi kule ni...” anasema. “Kule nako wana yao. Wanasema waliombwa. Yaani sisi tuliwaomba. Wao. Huku waliwaomba kule.”

“Sasa mwizi nani?” anauliza mama yule, na mwenzake anamnong’oneza kwamba aache, bibi kachoka.

“Aah, mimi nimeshaelewa,” anasema bwana mwenye kipara, anapigapiga mfuko wa suruali. “Siku kivuko kikirudi, kila mtu ashike pochi yake.”

Ua mzima unacheka. Miaka kumi na tisa Roswitha amecheka na wageni wake, na kicheko kinamtoka kabla hajakizuia, kifupi, pamoja na chao.

Gisbert anasimama. Anapita kati ya mabenchi hadi mbele ya dada yake, karibu kabisa.

“Mama anakusalimia,” anasema. “Alinituma nije nisikie.”

Anavaa kofia, anageuka, anapita langoni.